Tukijenga Wakati wa Krismasi, Tusimalize Ghala la Mama

Mazungumzo ya mfanyakazi wa jamii mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Kaunti ya Machakos. Tumeyachapa karibu kama yalivyozungumzwa, kwa ombi la vikundi vyenyewe.

 

Niliombwa nizungumze juu ya makao bora. Nikaandika karatasi yangu vizuri: saruji kiasi gani, mabati ya geji gani. Jana jioni nikaisoma, nikaona nimeandika mambo ambayo fundi wenu anayajua kunishinda. Nikaiweka kando. Leo nataka tuongee juu ya jambo ambalo fundi hatakuambia, kwa sababu yeye halimhusu. Mtu anapokuja likizo kujenga nyumba yake, na amelala kwa jamaa zake, ni nani anayelipa?

Krismasi imekaribia. Watoto wenu walio Nairobi, Mombasa na Athi River watakuja nyumbani. Wengine watakuja na pesa kidogo za kujenga, na kwa kuwa nyumba yao bado haijasimama, watalala kwa mama, kwa kaka au kwa dada. Hilo ni jambo zuri. Mtu akijenga karibu na watu wake anamwona fundi kwa macho yake, watoto wanamjua nyanya yao, na jioni kuna hadithi. Sitaki mtu atoke hapa akisema nimewaambia mkalale hotelini. Lakini kuna hesabu ambayo haiandikwi, na mimi sikuiandika. Wacha niwaambie yaliyotupata. Mume wangu ameniruhusu, na Mama pia ameniruhusu. Alicheka, akasema, "Waambie, labda wa kwao watasikia."

Ilikuwa Desemba 2016. Mimi na mume wangu tulikuwa tumekaa nyumba ya kupanga kwa miaka 11. Tulikuwa tumeweka akiba katika chama, pole pole, ikatosha kuanza msingi. Baba mkwe alikuwa ameshafariki. Mama mkwe alikuwa akikaa na kitinda mimba wake, kijana ambaye hajaoa. Mama akatuambia, "Njooni mjenge hapa nyumbani. Nafasi iko." Tukafurahi sana. Hatukuuliza neno lingine.

Tukafika tarehe 10. Sisi ni watu watano, mimi, mume wangu na watoto watatu. Mnajua kwetu mtoto wa kiume aliyeoa halali na mke wake chini ya paa la wazazi. Basi yule kijana akatupa nyumba yake ndogo, yeye akaenda kulala katika stoo, kati ya magunia na majembe. Tukamwambia, "Ni siku chache tu." Fundi akaja na vibarua watatu. Mchanga ukaletwa na lori. Kila siku saa saba watu wanne hao walikula kwa Mama, maana huwezi kumwacha mtu akuchimbie msingi halafu umwambie aende akatafute chakula.

Tarehe 23 msingi ukaisha. Fundi akachukua pesa zake akaenda kwao kwa sikukuu. Alituachia maneno haya: zege lisikauke, limwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa siku zisizopungua saba. Ni kweli, saruji inapata nguvu kwa maji, ikikaushwa na jua haraka inapasuka. Basi siku ya Krismasi yenyewe, tukitoka kanisani, yule kijana alikuwa na ndoo mkononi akimwagilia msingi wetu. Maji yalitoka wapi? Yalitoka katika tangi la Mama. Mimi nilipita hapo na nguo zangu za kanisani, nikaona kazi inaendelea vizuri. Hayo tu ndiyo niliyoyaona.

Usiku wa kuamkia Krismasi wifi yangu alikuwa amefika kutoka Mombasa na watoto wake wawili. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, na yeye anapanga chumba kimoja huko. Asubuhi alitembea mpaka penye msingi, akausimamia muda mrefu. Kisha akamuuliza kaka yake kwa sauti ya chini, bila matusi, "Hapa ndipo Baba aliponionyesha mimi. Mimi nitajenga wapi?"

Ndugu zangu, hakuna aliyemjibu. Tulikula chapati za Krismasi huku kila mtu akitazama sahani yake. Watoto walicheza pamoja, sisi wakubwa hatukusemezana. Tarehe 27 tulikaa chini ya mwembe, maneno yakawa makali. Mume wangu alisema Mama ametupa. Wifi akasema Baba alimpa yeye kwanza. Mama alinyamaza, shuka lake mabegani. Tarehe 3 Januari tulirudi mjini. Msingi tuliuacha vile vile, na katika boma lile tuliacha watu wasiozungumza.

Hayo si yote. Mtakumbuka mwaka ule mvua za vuli zilichelewa, na zilipokuja hazikukaa. Huku kwetu Ukambani tunategemea mvua hizo za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi. Zikikosa, Februari hakuna cha kuvuna. Tarehe 10 Februari 2017 serikali ilitangaza kwamba ukame ni janga la taifa. Wiki hizo ndipo kijana alimpigia kaka yake simu. Akasema, "Mama ananunua mahindi kwa gorogoro. Ameuza mbuzi wawili. Amenikataza kuwaambia."

Tulipomuuliza Mama, alijibu, "Ningewaambia nini, na watoto walikuwa wakicheza vizuri?"

Usiku huo nilitoa daftari letu la ujenzi. Mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu, nimewafundisha wengi wenu kuviandika. Kila kitu kilikuwamo. Mifuko 30 ya saruji, misumari, kamba, nauli ya lori, hata soda ya dereva. Mwisho wa ukurasa nilikuwa nimeandika kwamba msingi umegharimu kidogo kuliko tulivyokadiria, na nikapiga mstari chini yake kwa furaha. Kumbe ile tofauti ililipwa na Mama.

Nikaanza hesabu upya. Tuifanye pamoja, kwa sababu yeyote kati yenu anaweza kuifanya. Mtu mmoja, tukichanganya wakubwa na wadogo, anakula karibu nusu kilo ya mahindi na maharagwe kwa siku. Watu watano kwa siku 24 ni kilo 60. Fundi na vibarua wake, watu wanne, mlo mmoja wa robo kilo kwa siku 10 za kazi, ni kilo 10. Hizo ni kilo 70, na bado hujahesabu wageni wa Krismasi. Gunia la kilo 90 limekaribia kuisha. Na Desemba ni mwezi gani kwa ghala la Ukambani? Mavuno ya mvua za Machi huwa madogo, nayo yameliwa tangu Agosti. Mapya bado yako shambani, mabichi. Mgeni anakuja kwa furaha mwezi ambao ghala liko karibu na sakafu.

Twende kwa maji. Mfuko mmoja wa saruji ukichanganywa unataka lita 25 hadi 30. Mifuko 30 ni kama lita 800. Sisi watano, tukitumia mtungi mmoja wa lita 20 kila mtu kwa siku, kwa siku 24 tulimaliza lita 2,400. Hizo zimepita 3,000, kabla ya kumwagilia msingi na kuosha karai na sepetu. Tangi la Mama ni la lita 5,000, na kwa mvua ile halikuwa limejaa. Februari kijana alikuwa akienda mtoni na punda kuchimba maji mchangani. Maji yaliyompasa Mama kunywa yalikuwa yamekaa ndani ya msingi wetu.

Mnaona? Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyekuwa na roho mbaya. Mama alitoa kwa upendo, sisi tulipokea kwa upendo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyesema, na hakuna aliyeandika.

Sasa nitasema yale tuliyojifunza, na yale tuliyofanya tofauti mara ya pili. Myachukue yanayowafaa.

Jambo la kwanza: zungumzeni kabla ya kuchimba. Shamba lile lilikuwa bado kwa jina la baba mkwe, marehemu. Mali ya marehemu haigawanywi na mtu yeyote kabla korti haijatoa cheti cha kuisimamia. Na Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, haisemi mtoto wa kiume peke yake. Watoto wote ni watoto, wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Katiba ya 2010 nayo imekataza ubaguzi wa wanawake katika mambo ya ardhi. Kwa hivyo wifi yangu hakuwa akiomba msaada pale kwenye msingi. Alikuwa akidai haki yake. Mama alitupa kwa moyo mwema, lakini hata moyo wa mama hauondoi haki ya mtoto mwingine.

Kama mzee wenu yuko hai na anataka kuwakatia sehemu, hiyo ni njia rahisi zaidi. Lakini shamba la kulima haligawanywi bila idhini ya bodi ya ardhi, na maombi hayo yanapelekwa ndani ya miezi sita baada ya kukubaliana. Msiseme, "Sisi ni ndugu, hatuhitaji karatasi." Ndugu ndio wanaohitaji karatasi, ili wabaki ndugu. Nyumba ya matofali inafuata ardhi. Siku ardhi ikionekana ni ya mwingine, hutaibeba nyumba yako kichwani.

Sasa, ni wakati gani wa kuzungumza haya? Ni Desemba! Mwaka mzima yule yuko Mombasa, huyu yuko Nairobi, mwingine hana nauli. Krismasi wote wako hapo. Basi itumieni sikukuu kwa kukaa pamoja. Mwiteni mzee mmoja anayeheshimiwa, tembeeni mpakani pamoja, kila mtoto awepo, na wasichana wawepo, wasiachwe jikoni wakipika chakula cha kikao kinachowahusu wao. Andikeni mliyokubaliana, kila mtu atie sahihi. Tangu siku ile mimi husema hivi: Desemba ni mwezi wa kuzungumza, Januari ni mwezi wa kuchimba.

Na hii Januari ndiyo jambo la pili. Wengi tunajenga Desemba kwa sababu ndiyo likizo yetu, wala si kwa sababu ndio wakati mzuri. Hebu tazameni. Fundi anaondoka siku mbili kabla ya sikukuu na kurudi baada ya mwaka mpya. Nauli zimepanda. Mvua nzuri ikija, mtaro unajaa maji na lori la mchanga linakwama. Na shambani ni wakati wa palizi. Mwenyeji wako ana mahindi, kunde na mbaazi zinazomngoja, wewe unampa watu tisa wa kupikia. Desemba 2019 mvua ilinyesha nyingi kweli. Angekuwa mtu amefungua mtaro mwezi ule, angeupata bwawa. Sisi tulikuwa tumejifunza. Tulienda nyumbani bila fundi, tukashika majembe.

Jambo la tatu: njoo na gunia lako. Kabla ya kutoka mjini, kaa na mwenzako mpige ile hesabu niliyowaonyesha: watu wangapi, siku ngapi, nusu kilo kila mtu. Nunueni mahindi, maharagwe, mafuta, sukari na sabuni, mfike navyo. Muvikabidhi kwa heshima, bila kutangaza. Hakuna mama wa Ukambani atakayekuambia, "Leta chakula." Atakuambia, "Karibuni, isyo iko jikoni." Sasa wewe usimngoje aseme. Kwa maji, nunua maji ya ujenzi kando, kwa mwenye punda au kwa gari. Tangi la nyumbani ni la kunywa na kupika. Lisiguswe na fundi.

Na katika daftari la ujenzi fungua ukurasa mmoja zaidi. Andika hapo chakula, maji, mahali pa kulala na mikono ya watu wa nyumbani. Vitu hivyo ni gharama ya nyumba yako kama saruji. Hata usipoweza kulipa vyote kwa pesa, utajua ni deni gani ulilo nalo, na kwa nani.

Jambo la nne ni mikono. Nani alikuwa akiamka saa kumi na moja kuwasha moto wa chai ya vibarua? Mama, mwenye miaka zaidi ya 60. Nani alikuwa akiosha sufuria? Binti yangu mkubwa, aliyekuwa darasa la sita, ambaye alikuja likizo akapata kazi. Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nikihesabu matofali. Sasa tuna zamu, na wanaume wamo. Mume wangu anachota maji na punda. Mwanzoni majirani walimcheka, sasa wawili kati yao wanachota pia.

Jambo la tano linawahusu nyinyi wa vikundi. Hapa kwetu tuna mwethya tangu zamani za babu zetu. Watu wanakusanyika, kazi ya mtu mmoja inaisha kwa siku moja, kesho ni zamu ya mwingine. Tuitumie kwa ujenzi. Januari 2020 kikundi cha Mama kilitusaidia siku tatu kubeba mchanga na matofali. Chakula tulinunua sisi. Na sisi tulikuwa tumeshalipa mapema: ile Desemba tulipalilia shamba la Mama lote, tukachimba na fanya juu mbili upande wa chini ambako udongo ulikuwa ukikimbia. Mtu akiuliza kama mgeni anaweza kuacha ghala likiwa zuri kuliko alivyolikuta, nitamwonyesha mahindi yaliyosimama nyuma ya matuta hayo.

Mtauliza, wifi je? Ilichukua zaidi ya miaka miwili. Mume wangu alimwendea Mombasa, akalala kwa rafiki, akamwomba msamaha uso kwa uso, si kwa simu. Tulikwenda kortini pamoja, watoto wote na Mama, majina yote yakaandikwa. Wifi alikubali upande wa juu karibu na barabara, kwa sababu anataka kufungua duka, nasi tukabaki na ule msingi. Lakini alikubali baada ya kuulizwa. Hapo ndipo penye tofauti. Ardhi ni ile ile. Angeulizwa Novemba 2016, huenda angekubali kwa siku moja, tukaokoa miaka miwili na Krismasi tatu.

Nyumba yetu ilipata mabati mwanzoni mwa Machi 2020. Siku chache baadaye mambo ya korona yakaja, shule zikafungwa, na watoto wetu wakakaa katika nyumba hiyo, hatua 60 kutoka kwa nyanya yao. Haikuwa na plasta, madirisha mawili yalikuwa ya mbao tu. Lakini jioni Mama alikuwa akija na kiti chake, anakaa mlangoni. Wa wifi nao walikuja kukaa huko. Sasa wana chumba chao hapo mpaka nyumba yao iishe.

Neno langu la mwisho ni kwa akina mama na akina baba wenye kupokea wageni. Na nyinyi semeni. Najua ni aibu kumwambia mtoto wako kwamba ghala liko chini. Lakini mtoto aliyezoea duka la mjini hajui ghala lako. Mwonyeshe. Mfungulie mlango aone sakafu. Usingoje Februari uuze mbuzi usiku.

Na nyinyi mnaokuja na pesa za kujenga, kabla hujamwonyesha fundi mahali pa kuchimba, nenda ukasimame kwanza katika ghala la mama yako. Kisha umuulize dada yako anataka kujenga wapi.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni nani anayebeba mzigo mkubwa wakati jamaa wanapokuja likizo kujenga? Je, mzigo huo unaandikwa mahali popote?

2. Pigeni hesabu ya chakula na maji kwa jamaa ya watu sita watakaokaa siku 20. Je, ghala la kawaida hapa kwetu linaweza kubeba hesabu hiyo mwezi wa Desemba?

3. Ni mashamba mangapi kati ya ya wanachama wetu ambayo bado yana jina la marehemu? Tutaanzia wapi kuyashughulikia Krismasi hii, watoto wote wakiwapo?

4. Kikundi chetu kinaweza kutoa siku ngapi za mwethya kwa mwanachama anayejenga, naye atalipaje?